Kiswahili, Marekani au manga: mtaji wa duka la katuni Mbeya uende wapi?

Mwenye fremu ndogo Kabwe au Mafiati, aliyebakiwa na shilingi milioni mbili baada ya kulipa kodi ya fremu na anayetaka kuuza vitabu vya katuni, atapata ushauri mmoja kwa kila kijana atakayemuuliza: leta manga, yaani katuni za Kijapani. Ushauri huo si mbaya. Kasoro yake ni kwamba unajibu swali la mwezi huu, wakati mzigo utakaoagizwa leo unaweza kuwa bado kwenye rafu mwakani. Muuza nyanya wa Soko Matola akikosea, hasara yake inaoza ndani ya wiki na anaisahau. Muuza vitabu hasara yake inamkodolea macho kila asubuhi anapofungua mlango.

Kwa hiyo hapa nazipanga rafu tatu ubavu kwa ubavu, yaani katuni za Kiswahili, katuni za Marekani na manga za Kijapani, na kila moja naiuliza swali lile lile: wasomaji wakihama, huu mzigo utageuka kuwa nini? Bei na upatikanaji navyo vina uzito wake, lakini hilo la kuhama ndilo linaloamua kama duka litafika mwaka wa pili.

Rafu ya Kiswahili

Nianze na ya nyumbani, maana ndiyo inayoonyesha vizuri jinsi wasomaji wanavyohama. Watu wazima wanamkumbuka Chakubanga wa gazeti la Uhuru, aliyechorwa na Christian Gregory. Miaka ya 1970 Saidi Bawji na Nico ye Mbajo wakaanzisha jarida la Sani, na kina Ndumilakuwili, Lodilofa, Pimbi na Madenge wakawa kama majirani. Miaka ya 1990 James Gayo akaja na jarida la Kingo. Majarida haya hayakuhitaji duka la katuni. Yalining'inizwa kwa wauza magazeti, yakasomwa kwenye basi na kinyozi, nakala moja ikapita mikono ya watu wengi hadi jalada likatoka.

Kilichotokea baadaye hakikuwa ajabu. Magazeti ya udaku yalichukua utani, kanda za video zikachukua visa, na simu ikaja kuvichukua vyote viwili. Katuni yenyewe haikufa. Masoud Kipanya anasomwa na watu wengi mno, tena mchoro wake unafika kwenye simu ya mtu aliyeko Chunya kabla gazeti halijashuka kwenye basi. Ila unafika bure, na kitu kinachofika bure huwezi kukiwekea bei dukani.

Kwa muuza duka, rafu hii ina wateja wa aina mbili ambao hawafanani hata kidogo. Wa kwanza ni mtu wa makamo anayeona toleo la zamani dirishani na kusimama ghafla; huyu hapatani sana bei. Wa pili ni mzazi mwenye mtoto wa shule ya msingi. Mtoto wa shule ya serikali anasoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, na ukimpa kitabu cha picha cha Kiingereza atatazama picha tu. Kwa mtoto huyu hadithi fupi ya Kiswahili yenye michoro haina mpinzani, hata ingekuwa imechorwa kawaida.

Sasa lile swali letu. Matoleo ya zamani yana usalama ambao mzigo mpya hauna: wasomaji walishayahama zamani, na waliobaki ni wale wasiohama tena. Hayana bei ya jaladani ya kukubana, wala toleo jipya la kuyafanya yaonekane ya zamani zaidi. Ubaya wake ni kwamba huwezi kuyaagiza. Yanapatikana kwa kubahatisha, kwa mzee anayehama nyumba au kwenye rundo la vitabu vya mitumba, mengine yakiwa yameliwa na mende. Karatasi yake ni ile ya gazeti, inakuwa ya njano na kukatika ikipigwa na mwanga. Yaweke ndani ya mfuko mwangavu, yasimame, mbali na dirisha. Dirishani weka nakala moja tu, tena ile mbovu.

Kwa hiyo rafu hii ni salama, ila haiwezi kulipa kodi ya fremu peke yake.

Rafu ya Marekani

Hapa kuna mtego. Filamu za mashujaa wa kampuni za Marvel na DC zimeangaliwa kila kona, kuanzia vibanda umiza hadi kwenye flash za wanafunzi. Fulana za Spider-Man zinauzwa Mwanjelwa kwa watoto ambao hawajawahi kushika toleo lake moja. Mtu anaona fulana zinavyotoka, anadhani na vitabu vitatoka hivyo hivyo.

Vitabu vyenyewe vinauzwa kwa mfumo mgumu. Toleo la kila mwezi lina kurasa 32, lakini hadithi yenyewe ni kurasa 20 hivi na zilizobaki ni matangazo. Bei yake Marekani ni kati ya dola 3.99 na 4.99. Tuchukue dola moja kwa shilingi 2,500 ili hesabu iwe nyepesi: kitabu kimoja ni kati ya 10,000 na 12,500 kabla ya usafiri. Hiyo ni shilingi 500 na ushei kwa kila ukurasa wa hadithi, na hadithi yenyewe haiishi. Inasema itaendelea mwezi ujao, na mara nyingi inaendelea ndani ya jarida jingine ambalo hukuliagiza.

Tangu miaka ya 1970, maduka ya katuni ya Marekani yamekuwa yakinunua kwa punguzo kubwa kwa masharti kwamba kisichouzika hakirudishwi. Mwenye duka anaagiza miezi kadhaa kabla, kwa kusoma katalogi, bila kuona kitabu. Hapa kwetu muuza magazeti hurudisha mabaki kwa wakala, na hajui maumivu ya kubaki na nakala ambazo ni zake milele. Ndiyo maana maduka ya kule yalibuni utaratibu wa mteja kujiandikisha mapema: anataja majarida anayofuata, duka linamwekea pembeni kila yanapofika. Utaratibu huu nitaurudia, maana unafaa kuigwa hata kama vitabu vyenyewe hutaviagiza.

Na mfumo huo uliwahi kuwaangusha wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu walianza kununua katuni kama akiba ya utajiri. Toleo la kwanza la X-Men la mwaka 1991 liliuzwa kwa maduka nakala zaidi ya milioni 8, wengi wakinunua nyingi nyingi wakiamini zitapanda bei. Mwaka 1992 Superman akauawa hadithini na foleni zikajaa milangoni. Lakini kitu ambacho kila mtu amekihifadhi hakiwezi kuwa adimu. Wanunuzi walipostuka wakaondoka kwa pamoja, maduka mengi yakafungwa, na Marvel yenyewe ikaomba ulinzi wa mahakama ya mufilisi Desemba 1996. Wasomaji halisi hawakuhama wote. Waliohama ni walanguzi, lakini maduka yalikuwa yameagiza kwa idadi ya walanguzi.

Hata njia ya kupata mzigo imekuwa ikiyumba. Kwa zaidi ya miaka 20 karibu majarida yote makubwa yalipita kwa msambazaji mmoja, Diamond. DC ikajitoa mwaka 2020, Marvel ikahamia Penguin Random House mwaka 2021, na Januari 2025 Diamond ikaomba ulinzi wa mufilisi. Duka la Chicago lilihangaika na hayo. Duka la Mbeya, linalotegemea mtu wa Dar mwenye ndugu wa kumbebea kwenye sanduku, litahangaika mara mbili.

Kwa hiyo matoleo ya mwezi nayakataa moja kwa moja. Kinachofaa ni mkusanyo, kitabu kimoja chenye matoleo matano au sita, hadithi ikaanza na kuisha humo humo. Mkusanyo wa Black Panther utampata mteja Mbeya, kwa sababu filamu ya 2018 iliacha alama ambayo haijafutika, na mteja hahitaji kujua kilichotokea miaka 40 iliyopita ili aelewe. Weka nakala chache za namna hiyo. Filamu mpya ikitangazwa, agiza kabla haijatoka. Ikishatoka umechelewa, maana joto la filamu halikai na usafiri wa vitabu unakula wiki.

Kuna mteja mmoja wa pembeni wa kumfikiria: anayevuka Tunduma. Zambia wanasoma shule kwa Kiingereza, na mkusanyo wa Kiingereza unaolala Mbeya unaweza kupata mtu upande ule. Ila hiyo ni njia ya kupunguza mzigo uliokwama, usiagize kwa kuitegemea.

Rafu ya manga

Sasa tufike kwenye kile ambacho kila kijana atakuambia ulete. Sababu ya kwanza ni hesabu. Juzuu moja ya manga ina kurasa 190 hivi, nyeusi na nyeupe, na bei yake Marekani ni dola 9.99 hadi 11.99, yaani shilingi 25,000 hadi 30,000. Gawanya: ni shilingi 130 hadi 160 kwa ukurasa. Ukilinganisha na zile 500 na zaidi za jarida la Marekani, utaelewa kwa nini hata vijana wa Marekani wenyewe walihamia huku.

Sababu ya pili ni anime, yaani filamu za katuni za Kijapani. Mwanafunzi wa vyuo vikuu vya hapa Mbeya, MUST au TEKU, hakuanza na kitabu. Alianza na vipande alivyoingiziwa kwenye flash, kisha akataka kujua kinachofuata. Ukitaka kujua manga gani uagize, usiulize mtandao wa Marekani. Nenda kwa vijana wanaouza muvi kwenye flash karibu na vyuo, uwaulize wiki hii wameingiza nini zaidi. Hawana sababu ya kukudanganya, na wanajua mapema kuliko msambazaji yeyote.

Lakini hapa ndipo mtaji unapofia. Manga inauzwa kwa mfululizo, na mifululizo inayopendwa zaidi ndiyo mirefu zaidi. Tuseme juzuu moja imekugharimu shilingi 25,000 hadi ifike dukani, baada ya punguzo la jumla na nauli kukutana katikati. Mfululizo mzima unakula hivi:

| Mfululizo | Juzuu | Gharama ya seti moja |
|---|---|---|
| Death Note | 12 | 300,000 |
| Demon Slayer | 23 | 575,000 |
| Fullmetal Alchemist | 27 | 675,000 |
| Naruto | 72 | 1,800,000 |
| One Piece | zaidi ya 100, bado inaendelea | zaidi ya 2,500,000 |

Naruto peke yake inamaliza mtaji wako karibu wote. One Piece, iliyoanza mwaka 1997, inaumaliza na kukuacha na deni. Na usifikirie kwamba ukishaleta seti utauza seti. Wengi hununua juzuu ya kwanza, wachache wakarudi kwa ya pili, na kila juzuu inayofuata inapoteza watu. Mteja anayeingia na kusema "Kaka, ya nane ipo?" ni wa thamani kubwa, lakini ni mmoja, na huenda akahamia Dodoma kikazi kabla hajafika ya ishirini. Ukiacha kuagiza ya tisa kwa kuogopa, nakala zote za juzuu za nyuma zilizobaki rafuni zinageuka yatima.

Ndiyo maana mimi ningezipanga manga kwa urefu kwanza, umaarufu baadaye. Zile fupi zilizokwisha ziwekwe kamili: mteja anaweza kuona mwisho wake na kuuhesabia pesa, na wewe ukizishusha bei unashusha seti nzima, mtu akabeba. Zile ndefu ziwekwe juzuu tatu za mwanzo tu, nakala mbili mbili, na za mbele ziagizwe kwa daftari. Hapa ndipo ule utaratibu wa Marekani wa kujiandikisha unapofaa: jina, namba ya simu, juzuu anayotaka, na nusu ya bei mkononi kabla hujaagiza. Asiyetoa nusu hajaagiza, amepiga soga.

Kwa Naruto na One Piece kuna njia ya kati: matoleo ya tatu kwa moja, ambapo juzuu tatu zimejalidiwa pamoja. Naruto nzima inakuwa vitabu 24. Kwa ukurasa ni nafuu kuliko kununua moja moja. Nayapenda kwa kuuza na siyapendi kwa kukodisha, kwa sababu mgongo wake ni wa gundi na ni mnene. Mtu akikilaza kifudifudi mara kadhaa, katikati kinafunguka na kurasa zinaanza kudondoka.

Halafu kuna simu. Mwaka 2019 Shueisha, mchapishaji wa One Piece, ilifungua Manga Plus, ambapo msomaji wa karibu nchi yoyote anasoma sura za mwanzo na sura mpya kabisa za manga nyingi bure, kwa Kiingereza. Kijana wa Uyole mwenye bando anasoma sura mpya siku moja na wa Paris. Kitabu chako kinamfikia miezi mingi baadaye. Kuna watu wakisikia hivyo wanasema basi karatasi imekwisha, wala sikubaliani nao, kwa sababu ya mteja ambaye miji mikubwa inamsahau: mwanafunzi wa bweni.

Nyanda za Juu Kusini zimejaa shule za bweni. Iyunga na Loleza hapa jijini, Rungwe kule Tukuyu, Malangali, Ifunda, Tosamaganga, Iringa Wasichana. Simu haziruhusiwi shuleni. Kwa hiyo kwa miezi mitano kuna vijana maelfu ambao wanajua anime zote na hawana kioo cha kuziangalia. Juzuu moja ikiingia bwenini inasomwa na kitanda cha juu na cha chini, kisha inahamia chumba cha pili. Msomaji huyu hashindanishi kitabu chako na simu. Anakishindanisha na madaftari yake, na wewe unajua nani atashinda.

Kwa sababu hiyo hiyo, angalia umri. Manga si za watoto zote, na nyingine zina damu na utupu ambao mkuu wa shule hatausamehe, wala hatauliza kitabu kilinunuliwa na nani bali kilinunuliwa wapi. Vitabu vya Viz, wachapishaji wakubwa wa manga kwa Kiingereza, vina alama ya umri nyuma ya jalada: A ni kwa rika lote, T ni vijana, T+ ni vijana wakubwa, M ni watu wazima. Rafu ya M iwe nyuma ya kaunta. Mteja wa chuo ataiomba, na mwanafunzi mwenye sweta la shule ataambiwa hapana, hata kama pesa anayo.

Na lile swali letu? Manga ikihamwa, inahamwa kwa mfululizo, haihamwi yote. Anime moja inapoa, nyingine inawaka. Ukiwa na fupi nyingi, moja ikipoa umekwama na vitabu 12. Ukiwa na moja ndefu, ikipoa umekwama na duka.

Kuuza au kukodisha

Shilingi 30,000 kwa kitabu ni pesa nzito kwa mwanafunzi. Shilingi 1,000 kwa siku mbili si nzito. Chukua juzuu iliyokugharimu 25,000, ikodishe kwa 1,000, na uje kuiuza ikiwa imechakaa kwa 10,000. Inahitaji kukodishwa mara 15 ili irudishe gharama. Kwa mfululizo mrefu, huku ndiko kunakoeleweka: mtu hatanunua Naruto 72 lakini anaweza kuzikodi zote, na ile juzuu ya 40 ambayo isingeuzika kamwe inakuwa na kazi. Kukodisha pia kunakupa taarifa ambayo mauzo hayakupi. Daftari la kukodi linakuonyesha watu wameishia juzuu ya ngapi, na wakiacha wote penye juzuu moja unajua hapo usiongeze.

Kikwazo ni kurudisha. Mteja wa mjini atarudi. Mwanafunzi wa bweni atarudi likizo, labda. Wa bweni muuzie, wa mjini mkodishie. Dhamana iwe nusu ya bei ya kitabu, taslimu, na kitambulisho usichukue, kwa sababu utajikuta una droo ya vitambulisho vya watu waliohitimu. Vitabu vya kukodi vivalishwe nailoni kabla havijatoka mara ya kwanza.

Kuna njia ya tatu ambayo wenye steshenari wengine watakunong'oneza: pakua, chapa, bana kwa spairo, uza 5,000. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inakataza, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo kwa kazi hiyo. Na hata ukiweka sheria kando, siku utakapoanza kuuza nakala za spairo, vitabu halisi vya 30,000 kwenye rafu ile ile vimekufa.

Mpya au mitumba

Katuni za Kiingereza hujitokeza kwenye marundo ya vitabu vya mitumba, lakini ni za kuokota: juzuu ya nne bila ya kwanza, jarida la Marekani la katikati ya kisa. Nunua zikiwa za bei ya kutupa, uziweke kwenye boksi mlangoni kwa bei moja. Zinamvuta mpita njia asimame. Mpango wa duka usizitegemee.

Mbeya na Iringa si mji mmoja

Ungekuwa na duka lilelile Iringa, ningebadilisha uwiano. Iringa mji ni mdogo, Miyomboni hadi Mshindo unatembea kwa miguu, na umezungukwa na vyuo: Mkwawa, Ruaha Katoliki, Chuo Kikuu cha Iringa. Mteja mmoja aliyeridhika anawaleta wenzake wa chumba. Kule kukodisha kungepewa nafasi kubwa zaidi, maana vitabu havipotei mbali. Mbeya ni jiji lililotawanyika kandokando ya barabara kuu. Mwanafunzi wa MUST anahesabu nauli ya daladala kwenda na kurudi, na nauli hiyo ikikaribia bei ya kukodi ameshakata tamaa. Hapa mauzo ya daftari na kupeleka kitabu chuoni siku moja ya wiki kunafanya kazi zaidi.

Mzigo pia una majira yake. Bumu likiingia vyuoni, uza mikusanyo na seti. Wiki ya mwisho ya likizo ya Juni na ya Desemba, wazazi wananunua vifaa vya bweni na kijana anaomba kitabu kimoja juu ya sabuni na sukari. Hapo weka mbele juzuu za kwanza na hadithi zinazoisha. Katikati ya muhula ni ukame, na ndiyo wakati wa kukodisha na wa kushusha bei. Usiagize mzigo mkubwa ufike Machi. Mvua za huku zinaanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, unyevu unakunja majalada, na maboksi yaliyowekwa sakafuni yanafyonza maji kimyakimya. Weka mbao chini.

Ningegawa hivi

Kati ya milioni mbili, karibu nusu ningeiweka kwenye manga: seti mbili fupi kamili, moja ya kuuza na moja ya kukodisha, pamoja na juzuu za mwanzo za mifululizo miwili mirefu. Laki tatu zingeenda kwenye mikusanyo ya Marekani, isiyozidi vitabu kumi. Laki mbili na nusu kwa Kiswahili, matoleo ya zamani na vitabu vya picha vya watoto. Kinachobaki kisinunuliwe kitu. Kikae kwa ajili ya oda za daftari na kwa ajili ya ile anime ambayo mwezi wa nne hakuna aliyeijua na mwezi wa saba kila mtu anaiulizia. Duka lililomaliza pesa zote siku ya kwanza linaona mtindo mpya unapita barabarani na haliwezi kuugusa.

Kanuni ya kushusha bei iandikwe siku hiyo hiyo mzigo unapoingia, kabla hujaanza kuupenda. Nyuma ya kitabu weka tarehe kwa penseli. Miezi sita bila kuguswa, punguza robo; miezi tisa, punguza nusu; mwaka, kiende kwenye boksi la mlangoni. Manga ndefu iliyokatika katikati isisubiri hata miezi sita.

Rafu moja ya chini iachwe kwa wachoraji wa hapa. Mbeya na Iringa zina vijana wanaochora kwenye tableti na kuchapa kurasa 20 kwa pesa yao, na hawana pa kuuzia. Chukua kwa mali kauli: hulipi kitu mbele, mwisho wa mwezi mnahesabu pamoja, zilizouzika unalipa na zilizobaki anachukua au anaziacha. Hii ndiyo rafu pekee dukani ambayo wasomaji wakiikataa hupotezi hata shilingi, na ndiyo pekee inayoweza kukuletea hadithi ya Mkwawa au ya dereva wa lori aliyekwama Igawa, kwa Kiswahili, kwa bei ambayo mzazi anailipa bila kuuliza. Kubaliana naye asilimia mapema na muandikishane. Nakala kumi zinatosha kuanzia. Zikiisha kabla ya mwezi kwisha, mwambie arudie kuchapa hizo kwanza kabla hajakimbilia kuchora toleo la pili.